Siku Kumi na Laptopu ya Shemeji



Najua, najua. Nimepotea mpaka kuna watu wananiuliza kantini kama nimeacha chuo (teh teh teh). Sijaacha. Nilikuwa bize na jambo moja ambalo leo nataka niwasimulie lote, mwanzo mpaka mwisho, manake wamenifuata watu kama wanne hivi na swali lile lile: "Eti ile mashine uliyokuwa unatembea nayo mwezi wa sita ni kweli inafaa? Na mbona umeirudisha?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja hapo Ng'ong'ona, nimeona niandike.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ya pembeni. Katikati ya wiki ni vipindi, wikiendi ni video: sendofu, kipaimara, mahafali, chochote kinachokuja. Mshikaji wangu wa chumbani anashika kamera, mimi nakaa kwenye kuediti, hela tunagawana. Kwa miaka miwili changu nimekuwa nakitunza kwenye simu bila kukigusa, nakula maharage kama wenzangu, mpaka mwezi wa tano nikafikisha milioni mbili na laki tisa. Kwa mwanafunzi hiyo si hela ya mchezo jamani. Bumu la chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo milioni tatu ni siku 300 za kula na kulala. Nilikuwa nimekusanya karibu mwaka mzima wa uhai wa mtu!

Na lengo lilikuwa moja tu, laptopu. Ya kwangu ya zamani mnaijua, ile nyeusi inayopumua kama mgonjwa wa pumu. Lakini kisa si uzee wake tu. Mwaka 2023 diski yake ilikufa usiku mmoja bila hodi. Ndani kulikuwa na saa tatu za Babu akipiga zeze kwao Mvumi, anapiga, anaacha, anaeleza wimbo umetoka wapi, anaendelea. Nilipeleka kwa mafundi wawili, wote wakarudisha diski na kutikisa kichwa. Babu alifariki miezi minne baadaye. Sijawahi kuliandika hili hapa. Wagogo tunajisifu kwamba Hukwe Zawose aliufikisha muziki wetu kwenye majukwaa ya Ulaya kabla hajafariki mwaka 2003, na mimi nilishindwa kumtunza mzee mmoja kwenye diski moja.

Basi nikajiapiza: nikipata hela nanunua mashine ya maana, sitaki mchezo tena.

Sasa nina shemeji, mume wa dada yangu, anafanya kazi za video Dar. Amenunua mpya, akanipigia: "Shem, hii ya zamani naiuza milioni tatu, lakini kwa ndugu siuzi kitu kwa maneno. Kaa nayo siku kumi, ifanyie kazi zako zote. Ikikufaa lipa, laki inayopungua utamalizia. Isipokufaa irudishe, hatugombani." Dada alikuwa anakuja Dodoma kikazi, akapanda ile treni ya umeme iliyoanza kufika huku Julai 2024, akanikabidhi stesheni ikiwa imefungwa kwenye khanga mbili kama mtoto mchanga.

Mashine yenyewe ni MacBook Pro ya inchi 14, ile iliyotoka Oktoba 2021 na chipu ya M1 Pro. Memori GB 16, diski GB 512. Ilipotoka ilianzia dola 1,999 kule Marekani. Ni laptopu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa picha, video na muziki, lakini iwe nyepesi ya kubeba begani. Swali langu likawa: je, imetengenezwa pia kwa ajili ya mtu wa Dodoma?

Nianze na mazuri, manake ni mengi na sitaki kuwa mnafiki.

Kasi. Siku ya kwanza nilichukua sendofu ya dakika 12, picha za 4K, ileile ambayo laptopu yangu iliitoa kwa saa moja na dakika hamsini huku nikiipepea kwa daftari. Hii ilimaliza kwa dakika zisizofika sita. Nilidhani imekosea, nikaifungua kuhakiki, ilikuwa sawasawa. Siri ni kwamba ndani ya ile chipu kuna sehemu maalumu ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga mafaili ya video tu, haisumbui prosesa nzima. Natumia DaVinci Resolve ya bure, na kwa kazi zetu za kawaida inatosha kabisa.

Matundu. Mwaka 2016 Apple waliondoa kwenye Pro tundu la memori kadi na la HDMI, watu wakalalamika miaka mitano. Hii ya 2021 iliyarudisha yote. Kadi inatoka kwenye kamera inaingia kwenye mashine, hakuna vikorombwezo vya kuazima chumba cha pili.

Uzito. Kilo 1.6. UDOM mnaijua, hiki si chuo ni wilaya. Ukitoka kule Informatia kwenda Humanitia kwa miguu mchana wa jua, kila gramu unaihesabu. Nilitembea nayo siku zote kumi na bega halikulalamika.

Chaji. Nilikaa nayo chini ya mti saa nne mfululizo naediti, bila waya, ikabaki asilimia 31. Na hiyo ni betri iliyokwisha kutumika miaka kadhaa. Yangu ya zamani ukichomoa waya unakuwa na dakika ishirini za kuaga.

Kioo. Hapa ndipo niliposhika kichwa. Inchi 14.2, nukta 3024 kwa 1964, nyeusi ni nyeusi kweli. Niliangalia video zangu za mwaka jana nikaona aibu, kumbe maharusi wote nilikuwa nawapaka rangi ya chungwa! Lakini wadau, msidanganywe na namba. Utasikia kioo kinafika mwanga wa niti 1,000 mpaka 1,600. Ni kweli, ila ni kwa video maalumu za HDR. Ukifungua kazi ya kawaida unapata kama 500, na kwa jua letu la saa nane mchana unachokiona ni uso wako mwenyewe ukiwa umekunja ndita.

Haya, sasa upande wa pili.

La kwanza ni nafasi. Fanyeni hesabu na mimi. Kamera yetu ikirekodi 4K kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 12.5 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, unapata GB 45 kwa saa moja. Sendofu moja, kamera mbili, saa nne: GB 360. Diski yote ni 512, na mfumo wenyewe umeshakula sehemu yake. Yaani mashine ya milioni tatu inajaa kwa bibi harusi mmoja! Lazima ununue diski za nje, na hiyo ni hela nyingine ambayo muuzaji haitaji.

La pili, haiongezeki. Ile ya kwangu nyeusi nilishaifungua mwenyewe kwa bisibisi nikaongeza memori. Hii memori imekaa pamoja na chipu, na diski imelehemiwa kwenye bodi. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho. Nilimwuliza fundi mmoja mjini, kioo kikipasuka itakuwaje. Akacheka kwanza. "Mdogo wangu, mimi naagiza Dar, na Dar wanaagiza nje." Bei aliyonitajia ilitosha kununua laptopu nyingine ya kawaida.

La tatu ni vumbi. Hili hutalisoma kwenye ukurasa wa mtu aliyekaa London. Pro ina feni mbili, na feni kazi yake ni kuvuta hewa. Hewa yetu ya mwezi wa sita, upepo ukishuka kwenye ile milima, ni nusu hewa nusu ardhi. Fundi alinionyesha laptopu ya mteja mwingine aliyoifungua, vumbi limeganda kwenye feni kama unga wa mtama. Wale wenzangu wa Windows msicheke, na nyinyi hamjaokoka. Ile Asus ProArt PX13 ya mwaka 2024 mnayoitamani ni nyepesi zaidi, kilo 1.38, kioo cha OLED, lakini nayo inategemea feni, na kwa kadi ya picha iliyomo ndani zitafanya kazi kwelikweli.

La nne linachekesha ila ni la kweli: sikulala. Siku zote kumi nililala nayo chini ya mto. Nikienda kuoga nampa mshikaji ailinde. Nikiwa kwenye daladala naikumbatia mpaka konda ananiuliza nimebeba nini. Kitu kinachokunyima usingizi, hata kama ni kizuri, nacho kina bei yake.

Pamoja na hayo yote, mpaka siku ya saba nilikuwa nimeshaamua. Nanunua. Nilishamwambia mshikaji, tumeshagonga tano.

Siku ya nane ilikuwa Jumapili, nikaenda Mvumi kwa Bibi. Nilitaka nisirudie kosa. Bibi anajua nyimbo za kutwanga, nyimbo za jando walizokuwa wanaimba akina mama, na enzi za usichana wake alikuwa anapiga ngoma ya muheme, ile wanayoibana kwa mapaja. Nikaweka kamera, nikaweka maiki, akaimba kama saa moja na nusu, amekaa kwenye kigoda mlangoni na shuka lake begani. Tukala ugali wa uwele na mlenda, nikahamishia kazi kwenye laptopu. Nikasema ngoja nimwonyeshe, afurahi. Mtu wa kwanza kuiona kazi yangu kwenye kile kioo awe yeye mwenyewe mwimbaji.

Nikaiweka mapajani kwake. Akainamisha kichwa, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu.

"Mume wangu," akasema (ndivyo anavyoniita), "kioo chako hiki kina moshi."

Nikajua ni vumbi. Nikafuta kwa fulana. "Bado kina moshi." Nikafuta tena, nikaingia naye ndani kwenye kivuli, nikapandisha mwanga mpaka mwisho. Uso wake umejaa kioo kizima, kila mkunjo unaonekana, hata uzi uliochomoka kwenye shuka. Akaniambia sauti anaisikia vizuri sana, ila huyo mtu hamwoni.

Kisha akanigeukia, kwa upole tu, kama mtu anayenipa pole: "Usihangaike baba. Hata wewe una moshi."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mavuno ya mwaka juzi.

Wadau, mimi nimekuwa naenda kwa Bibi kila baada ya wiki tatu, nne. Kila nikifika mlangoni anauliza "nani huyo?" na sisi wajukuu tunacheka, tunasema Bibi anajifanya hatujui. Alipoanza kumwaga chai tukasema uzee. Alipoacha kwenda kanisani peke yake tukasema amechoka. Kumbe alikuwa anatutambua kwa sauti tu, na hakusema kwa sababu hakutaka kusumbua watu wanaosoma.

Usiku ule, nimerudi chuoni, nikafungua ile video nikaivuta karibu, uso wake tu. Hapo nakisifia kile kioo kwa moyo wote, manake kwenye laptopu yangu ya zamani nisingeona. Jicho la kulia, katikati, kwenye kiini, kulikuwa na weupe kama tone la maziwa. La kushoto nalo limeanza. Nimekaa mbele ya yule mama miaka yote na sikuwahi kuangalia.

Jumanne tukampeleka hospitali. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari akaeleza kwamba ndani ya jicho kuna lenzi, ikipata ukungu mwanga haupiti, na dawa ya matone haiwezi kuusafisha ukungu huo. Wanaitoa hiyo lenzi na kuweka ya bandia. Akasema ni upasuaji mfupi, mgonjwa halazwi usingizi, na wataanza na la kulia. Baba mdogo akachanga, shangazi akachanga, mimi nikatoa 420,000 kwa usafiri, vipimo na mahitaji mengine. Nikabaki na 2,480,000.

Nikampigia shemeji kumweleza siku kumi zimeisha na hela imepungua. Akanijibu kiungwana sana: "Shem, ichukue tu. Utalipa polepole, hata mwaka." Hapo ndipo penye mtihani, manake sasa sikuwa na kisingizio. Mashine ipo, mkopo upo, hauna riba, wa ndugu.

Nikakaa nikajiuliza swali ambalo nilitakiwa kujiuliza tangu 2023. Babu nilimpoteza kwa sababu laptopu ilikuwa na kasi ndogo? Hapana. Nilimpoteza kwa sababu alikuwa mahali pamoja tu. Hata ningekuwa na Pro siku ile, diski yake ingekufa na Babu angekwenda nayo. Miaka miwili nimekuwa naweka akiba ya dawa ambayo si ya ugonjwa wangu.

Nikairudisha. Dada alikuwa anarudi Dar, nikamkabidhi na khanga zake mbili.

Nilichonunua ni hiki: MacBook Air ya M1, ile ya Novemba 2020, iliyotumika, memori GB 8, diski GB 256, shilingi 1,250,000. Ina kilo 1.29 na HAINA FENI. Hakuna feni, hakuna wa kuvuta vumbi. Gharama yake ni kwamba kazi ikiwa ndefu inapata joto na kupunguza mwendo yenyewe, kwa hiyo ile sendofu ya dakika 12 inachukua muda zaidi kidogo kuliko Pro. Nakwenda kunywa chai, narudi. Memori ni ndogo kwa 4K, kwa hiyo natengeneza kwanza proksi, yaani nakala nyepesi za video, naediti hizo, halafu programu inarudi kwenye zile kubwa wakati wa kutoa faili. Kioo chake si kile cha Pro. Nakikumbuka, sitawadanganya.

Na nikanunua diski mbili za nje za TB 1, kila moja 180,000. Kila kazi inaingia kwenye zote mbili. Moja ninayo chumbani, nyingine iko kabatini kwa shangazi Area C. Chumba kikiungua, mwizi akipita, diski ikifa, Bibi yupo upande wa pili wa mji. Hesabu: 1,250,000 na 360,000 ni 1,610,000. Imebaki 870,000, na hiyo ni ya jicho la kushoto na dharura.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa wale wanne na wengine wote. Kama unakula kwa video kila siku, una kamera tatu za 4K, una wateja wanaosubiri, na una hela ya diski mbali na hela ya mashine, nunua Pro wala usiniulize. Ni mashine ya kweli. Lakini kama una milioni tatu tu, usinunue mashine ya milioni tatu. Igawe. Nusu inunue mashine, iliyobaki inunue usalama wa kazi yako, na ubaki na kitu mfukoni, manake hujui Jumapili utaambiwa nini.

Bibi alitolewa bandeji siku iliyofuata ya upasuaji. Niliacha wiki tatu zipite jicho litulie, nikaenda na ka-Air kangu. Nilipofika mlangoni hakuuliza "nani huyo." Alisema, "Mbona umekonda?"

Nikamwekea video. Akaangalia kimya kama dakika mbili. Halafu akasema, "Kumbe nimezeeka hivi, na hamkuniambia." Tukacheka wote. Akaangalia mpaka mwisho, kisha akaniamuru nirudishe nyuma kwenye wimbo wa tatu. Akasikiliza akitikisa kichwa. Kumbe ameruka beti, na mwenye wimbo, marehemu dada yake, angekasirika. Haufai. Tunarekodi upya Jumamosi.

Kwa hiyo Jumamosi sipo jamani, msinitafute. Mwenye usafiri wa kwenda Mvumi anishtue.

Ni hayo tu wadau. Leo, kabla ya kulala, weka nakala ya kitu kimoja unachokipenda mahali pa pili. Na ukienda nyumbani, mwangalie Bibi machoni.

Tuonane panapo majaaliwa.